Darasa la Waliokesha

Jumapili, 3 Machi

Nimefika. Mwili umefika, akili bado iko angani. Mwenyeji wangu, muuguzi mstaafu, alinisubiri uwanjani na koti la marehemu mumewe. Linanifika magotini! Chumba kidogo, safi. Kitanda kinalia nikijigeuza. Hapa ni mchana, mwili wangu unasema alfajiri. Nimelala na viatu.

Jumatatu, 4 Machi

Macho makavu kabla hata hakujaanza kupambazuka. Nikampigia Baba Watoto — kumbe kule ndiyo kwanza anapika cha jioni. Eti wali umegeuka uji, na binti yetu kagoma kula. Nikamwambia apunguze maji. Akasema apunguze nini tena, si uji tayari? Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Jumanne, 5 Machi

Darasa langu la kwanza! Liko juu ya duka la dobi. Joto la mashine linapanda sakafuni, tamu kama blanketi. Hesabu kwa watu wazima walioacha shule mapema. Wafagiaji wa hospitali, walinzi, mwoka mikate mwenye unga kwenye nyusi. Wote wanatoka zamu ya usiku moja kwa moja. Lafudhi yangu inawachekesha. Nimeuliza nusu ya robo ni nini. Vichwa vimelala mezani. Mwoka mikate akafumbua jicho moja: "Thumuni." Akalifumba tena.

Mfagiaji mmoja mnene, wenzake wanamwita Kamanda, ndiye anayewaamsha wengine kwa kiwiko.

Baadaye mwalimu mkuu kaniita pembeni. Mtu mpole, anaongea kama anaomba radhi. Anasema darasa hili linasinzia tu, na chumba kinatakiwa na wengine. Mwalimu wa kujitolea aliyenitangulia alikata tamaa. Kama hali ni hii hii, wiki ikiisha atalifunga.

Nilivuka bahari kwa ajili ya hawa!

Jumatano, 6 Machi

Nimewafundisha wakiwa wamesimama. Kamanda kasema, "Mwalimu, miguu imefagia wodi nzima, ihurumie." Nikawaacha wakae. Wanahitaji cheti, bila cheti hakuna kupanda cheo. Mwenyeji wangu kanipikia supu, nikasinzia kijiko mkononi.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu! Niliwapa zoezi la sehemu. Nikasema nitaegemea meza kidogo tu. Kilichoniamsha ni kikohozi cha mwalimu mkuu, mlangoni. Nyuma yangu ubao mtupu, mbele yangu darasa zima linakoroma. Hakufoka. Kasema tu nimwone kesho. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 8 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi yake. Nilikuja peke yangu. Sasa benchi limejaa. Kamanda, mwoka mikate, walinzi wawili na sare zao. Nimewaambia nendeni mkalale. Kamanda kasema, "Leo huingii peke yako, dada yangu."

Mwalimu mkuu kafungua mlango. Kasema alimwita mwalimu tu. Kamanda kasimama: kosa ni letu, sisi ndio tulioanza kulala, mwalimu alichoka kutuamsha.

Uongo mtupu! Kalamu zao zilikuwa bado zinakwaruza nilipoinamisha kichwa. Nilizisikia.

 Mwalimu mkuu kanigeukia mimi: ni kweli? Mwoka mikate ananitikisia kichwa, niitikie. Wote macho kwangu, na bwana mkubwa kashikilia mlango, anasubiri nifunike kalamu hii niseme —