Jakaranda Makumi Ine

Moyo! Nakusalimia, mujukuu wangu Mujinga. Huku Mbuji-Mayi tuko bazima. Mama yako amevuna mahindi, na duka yangu inaendelea.

Unauliza kama ile parki ya Kolwezi unakopumzika iko kweli kazi ya mukono wangu. Zamani ilikuwa bustani ya bwana mukubwa wa mugodi, na ukuta pande zote. Jakaranda zote nilipanda mi, mutunza bustani wake, makumi ine kwa mistari ine, kumi kwa kila mustari.

Siku benyeji ba Katanga balitufukuza sisi batu ba Kasai, tulipita pale na mizigo kichwani. Jirani yangu akatupigia kelele: "Bilulu! Mubebe bitu byenu byote, musiache hata kimoja!" Kilulu ni mududu mwenye kumaliza majani. Nikamuonyesha jakaranda zangu zenye kuonekana juu ya ukuta.

"Tata, ile siwezi kuibeba. Unichungie."

Batu bakacheka, hata askari.

Nyumba yangu ya Kolwezi haikurudishwa mpaka leo, na kinyongo ningali nacho. Lakini ukuta ulibomolewa, na batoto ba Kolwezi bote banacheza mu kivuli yangu. Kilulu hapandi muti, Mujinga.

Uhesabu. Kama moja imekauka, panda ingine palepale, muchana, batu bakuone.

Kaku wako