Sahani ya Kaka Yako

Kwako wifi yangu Anastasie, ku Wamaza,

Pokea salamu za nyumba yote. Magoti yako yanaendelea namna gani? Watoto wanakula vizuri? Huku iko mvua ya kutosha na mupunga umesimama. Mimi meno yamebaki machache, lakini mudomo ungali na nguvu. Anayeandika ni Sidonie, muke wa mujukuu wangu Pacifique, juu mimi kalamu sijaishika hata siku moja. Nimemwambia aandike yote, hata yale ya kuniharibia sura.

Moustapha muuza chumvi ameniambia unafunga mizigo, unataka kuja na jogoo uongee na kaka yako mbele ya sahani yake. Wifi, usitoke kwanza. Sikiliza.

Tangu tulipomuzika kaka yako Grégoire, mwezi ule wa kuuza pamba, kila jioni nilimuwekea bugali kidogo na ukoko wa wali kwenye mukeka wake, Padiri asijue. Asubuhi sahani ilikuwa tupu. Na nilisikia kitu kinakwangua, kwaru kwaru, kama yeye alivyokwangua chungu tangu ujana, hata mbele ya wageni. Nikatangaza kisimani kwamba muzee wangu anarudi kula kwangu, hajapata muke mwingine huko. Wanawake wakanionea wivu.

Ndipo wewe ukatuma kalanga, ukaomba niziweke kwa jina lako, juu wewe naye mulitengana kwa hasira ya ile mbuzi ya mahari na hukufika kwenye maziko. Niliziweka. Zikaisha. Nikakutumia neno kwamba kaka yako amezipokea, amekusamehe, na maganda ameyaacha kando kama mutu mwenye adabu.

Kisha Sidonie akaja kunifagilia. Akaniita nyuma ya kitanda, akanionyesha mavi meusi, madogo kama punje za mupunga, mengine yangali laini. Akanionyesha kona ya kikapu iliyotafunwa, na mustari wa uchafu chini ya ukuta, pale kitu kinapojisugua kila siku kikipita. Akanipa blanketi ninuse. Akasema bibi, hawa ni panya, na si mumoja. Nilimutukana. Nilimwambia uchafu ameuleta yeye kutoka kwao, na kwamba masista hawakumufundisha mambo ya wafu. Yeye akaendelea kufagia. Sasa anacheka akiandika. Umwache, ni haki yake.

Juma lililofuata nilifungua sanduku nitoe koti la Grégoire. Ndani ya mukono wa koti nikakuta watoto wa panya, wekundu, hawajafungua macho. Nikamwita Sidonie aone.

Tumetoa vitu vyote juani. Pacifique amefukua mashimo, tukayaziba kwa udongo, mawe madogo na pilipili ya kuponda. Mupunga uko ndani ya mutungi wenye kifuniko. Jirani yetu Bibi Waridi ameniazima paka wake, amekaa mulangoni anajilamba kama chifu. Sahani naziosha mara tukimaliza kula. Nyumba imenyamaza.

Lakini neno lenyewe bado sijalisema. Wifi, mimi sikudanganyika. Mavi yale niliyaona kabla ya Sidonie, hata kabla ya kalanga zako kufika. Nafagia mavi ya panya tangu utoto, nayajua hata bila kuangalia. Niliyafagia kila asubuhi watu wasione, jioni nikaweka ukoko tena, juu sahani ikibaki imejaa ningejua niko peke yangu. Huo ulikuwa uchungu wangu, ningekaa nao. Lakini wewe nimekupa musamaha wa panya, nikauita wa kaka yako. Haya inanikata. Hata Sidonie sasa ameacha kucheka.

Kama Grégoire alikusamehe, mimi sijui. Alipolala mugonjwa hakutaja mbuzi, na wewe pia hakukutaja. Ukweli ninao huo tu, na ni mudogo.

Kama bado una miguu ya kuja, kuja. Jogoo umulete, tutamula sisi. Nitakupeleka kwenye kaburi umwambie kaka yako mwenyewe, nami nitashuka kungoja kule ku mupunga, nisisikie. Ukimaliza naye, kuja unitukane mimi. Nitakuwa nimekaa, sitajibu.

Salimia watoto, salimia na wale wanaokutunza. Usichelewe kunijibu, hata kama ni kwa ukali.

Ni mimi wifi yako Léocadie. Alama hii ni ya kidole changu.