Hitilafu ya Saa Nane

Jumatatu, 3 Machi 1997

Kompyuta ya zahanati imezimika tena! Saa nane mchana, kama Ijumaa iliyopita. Humo mna rekodi za chanjo za watoto elfu nne wa Kayole, katika programu ya kale ambayo mashine mpya haziikubali. Bi. Asenath, msimamizi wetu, ametamka mbele ya wote: isipotengemaa kufikia Ijumaa, tunarudi kwenye madaftari. Ijumaa hiyohiyo majaribio yangu ya kazi yanakwisha. Karani wetu, Kanyiva, alicheka: “Si uiache ipumzike, Digrii! Hata mimi saa nane huwa nimechoka.”

Jumanne, 4 Machi

Nimebadilisha waya wa umeme. Nimepangusa vumbi. Nimeazima disketi ya kupimia hitilafu kwa mwenzangu wa chuo kikuu anayeishi mtaa wa Umoja. Saa nane na robo — giza! Wandera, dereva, aliuliza kama shahada yangu ina garantii.

Jumatano, 5 Machi

Ajabu. Imefanya kazi hadi saa kumi na moja, na sikugusa kitu! Bi. Asenath aliponiuliza siri, nilijibu: “Ni utaratibu wa kitaalamu, Madam.” Aibu hiyo naiandika hapa tu.

Alhamisi, 6 Machi

Kitambaa cha kroshia kinachofunika kompyuta kimerudi. Jana Kanyiva alikuwa amekipeleka nyumbani kukifua. Amekitia wanga hadi kinasimama chenyewe! Akakitandaza, ncha zikaning'inia nyuma. Saa nane, ikazimika. Nikapitisha mkono pale nyuma — moto kama kikaango cha chapati! Matundu ya feni yamezibwa! Nilikiondoa, nikangoja ipoe, nikaiwasha. Ikadumu hadi jioni. Nimeishinda! Nilitamani kupiga kelele hadi watu wa mtaa wa Mowlem wasikie.

Kanyiva hakucheka. “Na unajua ni nani alikifuma?”

Kumbe ni Bi. Asenath mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzima bila kuzimika! Tumechapisha orodha yote ya chanjo ya surua. Karatasi ilijikunjua hadi nje ya mlango. Wandera amenipa mkono, ameniita Injinia. Barua yangu ya ajira itatiwa sahihi Jumatatu, nikishawasomea wafanyakazi ripoti: tatizo lilikuwa nini, na nililitatuaje.

Kisha Bi. Asenath akafungua mkoba. Kitambaa kingine, cha samawati! “Hiki ni cha printa, mwanangu. Na kile cheupe kiko wapi?” Kanyiva alifungua droo taratibu, akinitazama mimi.

Ripoti nimeianza. Utangulizi umejaza ukurasa mzima, nao ni mzuri sana. Sehemu ya pili, chanzo cha hitilafu —