Bibi, Salamu Zilijaza Kisanduku Chote

Mpendwa Bibi,

Najua ungenikemea. Barua imeanza na hata sijakuuliza umeamkaje. Lakini mwaka huu nimepata somo kuhusu salamu, na nitakueleza lote, ndipo uamue kama nina hatia. Salamu zako ninazo. Mara hii moja nimeziweka mwisho.

Habari yenyewe ni ya ile maktaba ya kompyuta. Unazikumbuka siku za likizo hapo Mambrui, mimi nimekaa mkekani na kompyuta ya Mwalimu Charo mapajani, wewe unachagua mchele kwenye uteo? Uliniuliza nafanya nini na kitu kinachong'aa mchana kutwa. Nikakueleza kuwa kuna programu inayowezesha shule kuweka vitabu na masomo kwenye kompyuta moja, na kompyuta nyingine zikavisoma kutoka hapo bila intaneti. Nikasema ni programu huria, yaani watu wa nchi nyingi wanaitengeneza pamoja, na yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kumpa mwenzake bila kulipa. Mimi nilikuwa naitafsiri kwa Kiswahili ili wenzangu waielewe.

Uliacha mchele. "Hawalipwi? Na wanakula nini?"

Nikakwambia wengi wao wana kazi zao nyingine.

"Basi hao ni watu wa kusalimiwa," ukasema, ukarudi kwenye uteo wako.

Tangu siku hiyo tulitafsiri pamoja, ingawa jina lililoandikwa kule ni langu peke yangu. Mimi nilikusomea, wewe ukanirekebisha. Nilipofika mahali kompyuta inapomwambia mtu kuwa amekosea, niliandika "Ingizo batili", nikajiona msomi. Ulishtuka.

"Batili? Ndoa ndiyo huwa batili! Mtoto wa watu kakosea kuandika tu, weye washamtia mahakamani. Mwambie, 'Hukuandika sawa, jaribu tena.'"

Ndivyo ilivyo hadi leo, Bibi. Shule yoyote inayofungua programu hii kwa Kiswahili inaambiwa maneno yako. Mwalimu Charo alipoyasoma mara ya kwanza alicheka na kusema, "Hii kompyuta imelelewa Mambrui."

Nami nililelewa hapo hapo. Nilikuwa na miaka saba uliponituma kwa Mama Swaleh kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Nilirudi mbio nayo, nikitarajia sifa. Wewe ukauliza, "Mama Swaleh yu hali gani?" Sikujua. "Na mguu wake?" Sikujua kama ana mguu mbaya. Ukanirudisha na mbuzi kichwani: nibishe hodi upya, nisalimu, niulize mguu, niulize watoto, kisha ndipo niombe kitu ambacho tayari nilikuwa nimekibeba. Mama Swaleh alicheka mpaka akakaa chini. Nazi ya siku ile ilichelewa, na sijawahi kusahau tena.

Ulituacha kabla ya mambo ya mwaka huu, kwa hiyo kuanzia hapa nakusimulia usiyoyajua.

Muhula wa kwanza Mwalimu Charo alitusomea tangazo kutoka kwa shirika linaloitunza programu. Bodi yao ilikuwa inafikiria kuacha kutengeneza toleo jepesi, lile linaloweza kufanya kazi kwenye kompyuta za zamani. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine kumi na moja, na hakuna iliyo changa. Bila toleo jepesi, tungebaki na mashine kumi na moja za kuwekea vumbi.

Kisha akasoma sehemu ya pili. Kiti kimoja cha bodi hiyo huchaguliwa na wanajumuiya wenyewe. Yeyote aliyewahi kusaidia, awe ameandika programu, ametafsiri au ameripoti kasoro, ana kura na anaweza kugombea, mradi awe ametimiza miaka kumi na minane.

Dama, ninayekaa naye dawati moja, akanigeukia polepole. "Saumu. Si juzi tu tulikula keki yako?"

"Nyamaza."

"Mwalimu! Saumu ana kumi na minane!"

Ndivyo nilivyoingia kwenye siasa.

Mama hakuelewa mara moja. Aliuliza mabango yangu yatabandikwa wapi, na kama nitahitaji kugawa leso. Nilimwambia wapiga kura wako nchi za mbali na hatutaonana. "Watu wasiokujua, hujawapa hata leso, wakuchague kwa lipi?" Nilijua tu kwamba pasipo mtu wa kutusemea, chumba chetu kingefungwa na watu wema ambao hawajui kama kipo.

Kila mgombea alitakiwa kuandika maelezo yasiyozidi maneno mia tatu. Dama alitaka nianze kwa kusema mimi ni hodari. Nilijaribu, kalamu ikakataa. Nikawaza: hawa ni wale watu uliosema ni wa kusalimiwa, na mimi naenda kuwaomba kitu. Basi nikabisha hodi kama ulivyonifundisha. Niliwaamkia wote. Nikamuuliza Henrik, mzee anayerekebisha kasoro tunazoripoti, kama macho yake yamepata nafuu, maana aliwahi kuandika kuwa yanamsumbua. Nikampa pole Lusia, anayechora zile picha ndogo za kubonyeza, kwa kufiwa na mama yake. Nikawataja watafsiri wa lugha nyingine, nikawaulizia watoto wao. Nikawafikishia salamu za Mama, za Mwalimu Charo na za Dama. Ukurasa ukaisha, nikafungua mwingine. Kisha nikaandika kama tunavyofundishwa shuleni, "Baada ya salamu, madhumuni yangu ni", nikaeleza habari za toleo jepesi na mashine zetu.

Nilihesabu maneno mara mbili. Hayakuzidi mia tatu. Kisha nikayageuza yote kwa Kiingereza, kwa kuwa wengi wao hawajui Kiswahili, na hapo sikuhesabu tena. Sikukumbuka kuwa neno letu moja kwao huwa matatu au manne. Siku ya mwisho, saa ya chakula cha mchana, niliyabandika kwenye kisanduku cha maelezo, nikaona imeandikwa kuwa yamepokelewa, nikaenda kula maharagwe kwa furaha.

Jumatatu Mwalimu Charo aliniita. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na wagombea wanne. Watatu walieleza vyeo vyao, miaka yao ya kazi na mipango yao. Mimi nilikuwa nimesalimu, nikaamkia, nikatoa pole, nikaulizia watoto, na mwisho kabisa palisomeka: "Baada ya salamu, madhumuni yangu ni". Basi. Kisanduku kilikuwa kimejaa na kilichobaki kimekatwa.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena kana kwamba maneno mengine yangejitokeza. Aliwaandikia wasimamizi wa uchaguzi. Wakajibu kwa upole kwamba muda umepita na kanuni ni moja kwa wote.

Dama alilaza kichwa juu ya kibodi, mabega yakitikisika. "Wewe hukugombea kiti," akasema alipopata pumzi. "Ulienda kutembelea watu!"

Nilicheka naye, lakini nilipokuwa peke yangu nililia kidogo, Bibi. Nilikukasirikia hata wewe. Niliziona zile mashine zimefunikwa vitambaa, na mimi ndiye niliyekuwa nimepewa nafasi ya kusema nikaimaliza nikiwa mlangoni.

Kesho yake nilifungua ukurasa ule kwa hofu, na nikakuta watu wameitikia.

Chini ya maelezo yangu palikuwa na majibu mengi kuliko ya wagombea wengine wote. Henrik aliandika kuwa jicho moja limepona na la pili linasubiri daktari. Mtafsiri mmoja alisema mtoto wake ameota jino. Lusia aliandika kwamba tangu afiwe, kila ujumbe anaopata kwenye mradi unauliza kazi itakwisha lini, na huu wangu ndio wa kwanza kumuuliza yeye mwenyewe. Henrik hata alikuwa amejitafutia neno la heshima kwa lugha yetu. Alimalizia hivi: "Shikamoo, Saumu." Mzee wa miaka sitini na kitu! Nilibaki nimekodoa macho, sijui niitikie marahaba au nikajifiche. Ungecheka mpaka uteo umwage mchele.

Na wakauliza, mmoja baada ya mwingine: "Tunasubiri. Madhumuni yako ni nini?"

Mwalimu Charo alikimbilia kanuni. Mgombea haruhusiwi kubadilisha maelezo, lakini akiulizwa swali anaruhusiwa kujibu. "Umeulizwa," akasema huku akinivutia kiti. "Jibu. Na safari hii, tafadhali, usimsalimie mtu."

Niliandika hivi: "Madhumuni yangu ni chumba kimoja karibu na Mto Sabaki chenye kompyuta kumi na moja za zamani. Zote zinawaka. Mkiacha toleo jepesi hazitaharibika, ila hazitakuwa na la kutuambia. Naomba kiti ili mnapoamua mambo yetu, awepo mtu mmoja anayeketi ndani ya chumba hicho."

Kura zilichukua wiki mbili. Matokeo yalimfikia Mama kabla yangu, kwa sababu Mwalimu alipiga simu yake asubuhi wakati tunakaanga mahamri. Alisikiliza, akaniangalia, akakata simu, hamri likiungua.

"Umeshinda," akasema. "Kwa kura chache, lakini umeshinda." Kisha akashika kiuno. "Bila leso!"

Tulikula lile hamri lililoungua, tukagawana nusu kwa nusu, na sijapata kula tamu kuliko hilo.

Kikao cha kwanza kilifanyika kwa video Jumamosi mchana. Nilivaa sare ya shule, nikabana mtandio vizuri. Dama aliapa kukaa nyuma ya kamera bila kusema neno. Suala la toleo jepesi lilipofika, mmoja wao alieleza kwamba hawaliachi kwa ubaya. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyebaki na kompyuta ya zamani ya kulijaribia, na hawawezi kutoa kitu wasichokijaribu.

"Nani angeweza kulijaribu?" mwenyekiti akauliza.

"Sisi!" akapiga kelele Dama.

Basi, Bibi, toleo jepesi limebaki. Kila toleo jipya likikaribia kutoka, linakuja kwanza kwetu Sabaki, na chama chetu cha kompyuta kinalijaribu kwenye mashine zote kumi na moja. Uzee wa mashine zetu ndio umekuwa sifa yake. Wasichana wa kidato cha kwanza wanagombania ile inayozimika ovyo, kwa kuwa ndiyo inayofichua kasoro nyingi zaidi. Nami niliomba jambo moja dogo: kile kisanduku kionyeshe maneno yaliyobaki. Henrik alilimaliza kwa siku moja.

Nina furaha, Bibi. Wakati mwingine nikiwa kikaoni nageuza kichwa kando, nikitaka kukuuliza neno, ndipo nakumbuka. Kisha mtoto mmoja chumbani anakosea kuandika, kompyuta inamwambia hakuandika sawa, ajaribu tena, naye anajaribu tena bila aibu. Hapo nakuwa nimekusikia.

Sasa salamu. Hapa hakuna kisanduku.

Umeamkaje, Bibi? Magoti yamepumzika? Mama anakusalimu sana, na uteo wako ndio anaoutumia. Mama Swaleh anakusalimu, mguu wake haujambo, na ile mbuzi yake iko kwetu tena tangu wiki iliyopita, lakini safari hii nilimuuliza kwanza. Mwalimu Charo anakusalimu. Dama, ambaye hamkuwahi kuonana, anakusalimu kwa kelele. Lusia anakusalimu, ameniomba nimwambie ulikuwa mtu wa namna gani.

Na Henrik. Nilimweleza kwamba shikamoo hutolewa kwa mkubwa, naye akauliza, basi ampe nani? Nikamwambia yuko mtu, nitamfikishia.

Pokea ya Henrik kwanza, maana ametoka mbali. Kisha pokea yangu.

Shikamoo, Bibi.

Mjukuu wako,
Saumu