Kabugho Ndani ya Mafaili

Jumatatu, tarehe 2
...na bado sijamaliza kusema anavyopendeza akiwa anafikiri. Bwambale wangu. Wiki ya sita ya ndoa, na moyo bado unaruka nikisikia viatu vyake mlangoni. Anatunga amri za kutafutia mafaili, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Scheme. Mabano matupu. Leo amerudi kazini Bwera. Kaniachia kompyuta ya zamani yenye nakala za karatasi za wateja wa ofisi yao, nijaribu amri zake.

Jumatano, tarehe 4
Bwambale amepiga simu. Kabugho amesema mtu asilazimishwe kuandika mambo matano ili apate faili moja. Kabugho amesema usipotaja folda, utafutaji uanzie hapo ulipo. Kabugho anakaa naye meza moja ofisini. Amesoma chuo kikuu. Mimi niliishia sekondari.
Namchukia.

Alhamisi, tarehe 5
Nimeandika jina lake kwenye ile amri. Kioo kikajaa. Kabugho, Kabugho, Kabugho, folda ndani ya folda. Sikufungua hata moja. Nimelia. Nimemwandikia Bwambale asije Jumamosi.

Ijumaa, tarehe 6
Nimefua shati lake la harusi. Lilikuwa safi.

Jumamosi, tarehe 7
Amekuja. Sikumpokea mfuko. Akafungua mafaili mbele yangu, akicheka. Kabugho wa maharage. Kabugho wa vitenge. Kabugho bibi kizee wa Mahango, mwenye kahawa.
"Wewe binti ya simenti, umesahau uko wapi? Huku kwetu musichana wa tatu kuzaliwa ni Kabugho. Kila nyumba iko naye."
Nilijua. Baba alitoka Kenya kufanya kazi ya simenti, lakini mimi nimekulia hapa, darasani na akina Kabugho wanne. Wivu ulinifuta akili.
"Na yule wa meza yako?"
"Yule si mteja. Hana faili humo."
Kisha akaacha kucheka. Akasema kwetu jina peke yake halisaidii. Amri ipokee masharti pamoja: jina, aina ya faili, siku lilipoandikwa. Nikamwambia folda itangulie, masharti yafuate, hata yawe mangapi. Akaandika hivyo hivyo. Mume wangu, jamani. Nilitaka kumla.

Jumatatu, tarehe 9
Yuko Bwera. Amepiga. Kabugho ameipenda amri mpya, akauliza nani aliipanga. Amemjibu: mke wangu.
Nimefurahi. Wivu bado upo. Kabugho anapata siku tano naye kwenye ile meza, mimi mbili nyumbani. Nimemwambia Bwambale nitakwenda Bwera kabla mwezi haujaisha, nikae nao mchana mmoja. Amesema ataniwekea kiti.