Kichwa cha Kulungu Ukutani

Tove shoga, damu imemwagika kwenye ile shule niliyoichora. Damu kabisa!

Leo si tulikuwa tunapima kama jengo linavuja hewa? Kuta zisipoziba, umeme wa jua wa paani hautatosha kulipasha joto kwa baridi hii ya Minnesota. Tumewasha feni ya kunyonya hewa mlangoni, mita ya uvujaji ikapanda. Linavuja!

Tumefuata ubaridi hadi ukumbi wa michezo. Gus, mwenyekiti wa bodi, katoboa ukuta wangu hadi nje, katundika kichwa cha kulungu. Cha KULUNGU, Tove!

Rudy, msimamizi wa ujenzi, kaking'oa. Gus kafoka, “Huyo alipigwa risasi na marehemu baba yangu, mbwa wewe!” Ngumi moja tu, Rudy katema jino. Kaokota kile kichwa, kamchoma Gus begani kwa pembe.

Mimi nimekimbilia matundu, nikayaziba kwa viganja. Mita ikashuka! Nikapiga kelele kama mwehu, “Tumefaulu! Halivuji!”

Wakaacha kupigana. Gus akanitazama, damu inamchuruzika.

“Halivuji, eeh?”

Akaokota drili.

Nimejifungia chooni. Naisikia inakuja, ikitoboa ukuta kwa ukuta.