Taulo ya Dereva Ilivyorudi Ukutani

Ni mwaka mmoja sasa tangu uzime mashine yako ya kunyolea, ukatundika aproni nyuma ya mlango na kusema unakwenda kulala kidogo, ini linakusumbua. Hukuamka. Tulikuwa tumekwambia uende hospitali mapema, ukasema utakwenda Jumanne, kwa sababu Jumatatu una watu. Kwa hilo bado tumekukasirikia.

Leo ni Jumatatu tena, tarehe imeangukia siku yako. Tulikuwa tumepanga kuandika maneno machache ya utulivu tuyabandike kwenye mlango wa saluni, wapitao wasome. Utulivu umetushinda. Ya asubuhi hii lazima tukusimulie, tena haraka, maana kuna mtu anasubiri na mama yako ameshavaa viatu.

Kwanza wasiokujua wajue. Ulikuwa kinyozi. Kabla ya hapo ulikuwa mtu wa unga kwa miaka tisa, na minne kati ya hiyo ulilala nje, kwenye baraza ya duka la magodoro. Ulikuwa ukisimulia mwenyewe huku unacheka: miaka minne magodoro nyuma ya ukuta, mgongo wako kwenye saruji. Uliacha. Hatutasema uliacha mara moja. Uliacha mara tano, na ya tano ndiyo iliyoshika. Ulipopata chumba cha kunyolea, kitu cha kwanza kugongelea ukutani hakikuwa kioo. Ilikuwa misumari.

Misumari kumi na mmoja, kati ya mahali pa kioo na mlango, maana ukuta haukuwa na nafasi zaidi. Kila Jumatatu, siku ambayo vinyozi wenzako walipumzika, ulifungua saa mbili asubuhi kwa watu wanaolala nje na wanaohangaika na dawa au pombe. Uliwanyoa, uliwapa maji ya moto na sabuni, na aliyekuja mara tatu alipata taulo yake na msumari wake. Dada yako, fundi cherehani, alitarizi alama kwenye kila taulo: miwani kwa Profesa, ambaye husoma hata gazeti lililofungiwa sabuni, filimbi kwa Kocha, usukani kwa Dereva, aliyeendesha malori ya masafa marefu mpaka pombe ikamshusha kwenye kiti.

Mama yako alikuuliza siku moja mtu asiye na kitanda anapewaje taulo ya kutarizi. Ukamjibu kwamba mtu asiye na mlango wowote, akijua kuna msumari mahali ambao ni wake, ana pa kurudi. Mama yako akasema hayo ni maneno ya watu wenye muda mwingi. Ulicheka ukaendelea kukunja.

Saa sita, kazi ikiisha, ulipitisha kiganja juu ya taulo zote, moja moja, kisha mara nyingi ulivua aproni ukatoka. Mama yako alikuona ukifanya hivyo siku alizopita kukuletea chakula. Alidhani unapima kama zimekamuliwa vizuri, halafu unakwenda kunyoosha miguu. Usimlaumu. Amesimamia dobi ya hospitali miaka ishirini na sita, na stashahada yake ya chuo iko sebuleni ndani ya fremu. Kwa mtu wa dobi, kiganja juu ya taulo kina maana moja tu.

Ulipoondoka, Jumatatu iliyofuata mazishi mama yako alifungua saluni. Hakuna aliyemwomba. Profesa akashika mashine uliyokuwa umeanza kumfundisha, na wiki ya kwanza alimnyoa Kocha kichwa kikabaki kama shamba lililopaliliwa na mbuzi. Kocha alivaa kofia mwezi mzima na hakumnunia mtu. Sasa Profesa amekuwa fundi, wenye nyumba zao pia wanakuja kwake. Na taulo, mwanetu, hazijawahi kuwa safi hivi. Zinachemshwa, zinaanikwa juani, zinakunjwa kwa pembe. Ungeingia ungedhani umekosea njia ukaingia wodi ya wakubwa.

Lakini Dereva alipotea. Ni miezi minane iliyopita. Jumatatu ya kwanza hakuja, ya pili hakuja, na mtu mmoja akaleta habari kwamba amefariki. Mama yako alisikitika kwa namna yake, yaani alisugua sakafu mara mbili. Halafu miezi miwili iliyopita akaja mama mmoja aliyefukuzwa kwenye nyumba, ambaye tunamwita Shangazi kwa sababu anagombeza kila mtu. Alikuja mara tatu, akastahili msumari, na misumari ilikuwa imejaa.

Kwenye dobi ya hospitali kuna sheria. Nguo isiyodaiwa kwa miezi sita inakatwa matambara. Mama yako alishusha taulo ya Dereva, akaikata vipande vinne kwa mkasi mkubwa, usukani ukapasuka katikati, na Shangazi akapata msumari. Hatukumkataza. Tulidhani ni sawa.

Wiki mbili zilizopita simu ya mama yako ikalia. Alikuwa mshauri wa nyumba ya kuwasaidia waraibu iliyo mji mwingine. Alisema Dereva yuko kwao, ni mzima, anamaliza muda wake, na Jumatatu hii anarudi. Aliondoka bila kuaga kwa sababu aliona aibu kuaga halafu ashindwe. Mshauri alisema pia kwamba mara tatu Dereva alifunga mzigo wake ili atoroke, na kila mara alijirudi mwenyewe kwa maneno yale yale, kwamba ana msumari wake mahali na hawezi kuuendea amelewa. Siku za kwanza nje ndizo zinazoangusha watu wengi, alisema, wewe unajua kuliko sisi. Kisha akampa Dereva simu, na Dereva aliuliza swali moja.

"Mama, taulo yangu ipo?"

Mama yako, ambaye hajawahi kumwambia mtu kwamba amependeza kama hajapendeza, alijibu, "Ipo."

Akakata simu, akakaa kwenye kiti chako cha kunyolea. Dada yako anasema hajamwona mama amekaa saa za kazi tangu yeye azaliwe.

Basi hapo ndipo tulipoanza kukimbia. Dada yako alishauri ashone taulo mpya, rangi ile ile, usukani ule ule, Dereva asingejua. Lilikuwa shauri zuri. Mama yako alikataa.

"Nimeshamdanganya kwa mdomo," alisema. "Sitamdanganya tena kwa uzi. Tafuteni vipande."

Cha kwanza kilikuwa saluni kwenyewe, kinafutia kioo. Cha pili Profesa alikuwa akifutia mafuta ya mashine, na alikitoa kwa shingo upande maana alisema kimeshazoea mkono wake. Cha tatu kilikuwa kwa dada yako huyo huyo mwenye mashauri, chini ya cherehani, amekikalia wiki nzima huku akitutuma tukakitafute sokoni. Cha nne kilisumbua. Kilikuwa nusu ya usukani, na mama yako alimpa nani hakumbuki. Tumekigundua jana asubuhi kwa jirani muuza chai, anakishikia birika. Kina tundu la kuungua. Muuza chai alisema hatoi mpaka apewe cha kushikia kingine, mama yako akavua kilemba chake palepale akampa.

Dada yako aliunganisha jana kutwa nzima. Haikutoka nzuri, tusikudanganye. Ina mshono wa msalaba katikati, doa la mafuta upande mmoja, tundu upande mwingine, na usukani wake umepinda kidogo, kama wa lori lililopata ajali likatengenezwa na watu wenye haraka.

Ulibaki msumari. Leo saa moja asubuhi mjomba wako alikuja na nyundo, akasema juu ya sinki kuna nafasi. Mama yako alimwambia hapo si mahali pazuri. Mjomba alisema yeye ni fundi bomba wa miaka thelathini, aachiwe kazi. Akagonga mara ya tatu, maji yakamrukia usoni.

"Dada yangu," aliuliza akiwa ameziba tundu kwa kidole gumba, "bomba hili aliliweka nani?"

"Wewe," mama yako alisema.

Watu walikuwa wameshapanga foleni nje. Wote walisikia, na foleni nzima ikacheka mpaka Shangazi akawagombeza. Mjomba alifunga maji, akaunganisha bomba na kulowana mpaka soksi, na saa mbili kasoro dakika tano msumari wa kumi na mbili ukaingia kwenye mbao za fremu ya mlango. Umeshika kuliko yote.

Na Dereva akaja. Amenenepa. Ana shati lililopigwa pasi na mfuko mdogo wa nguo, akasimama kizingitini, haingii. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye msumari wake wa zamani, akakuta taulo ya Shangazi. Tulimwona akishika mfuko vizuri, kama mtu anayetaka kugeuka. Mashine ya Profesa ilikuwa inanguruma hewani, hainyoi kitu.

Mama yako alimshika mkono akamwonyesha taulo kwenye fremu ya mlango, karibu kabisa na bega lake.

"Niliikata," alimwambia. "Nilidhani umekufa. Halafu nikakudanganya kwenye simu. Vipande ni vyako vyote, mshono ndio mgeni."

Dereva aliishusha. Aligusa doa la mafuta, akauliza ni la nini. Profesa akasema ni la mashine. Dereva akatia kidole kwenye tundu. Muuza chai, ambaye alikuwa ameacha birika lake ili aje kuona, akasema hilo ni lake.

"Kwa hiyo muda wote huu ilikuwa kazini," Dereva alisema.

"Kila siku," mama yako alimjibu.

"Basi imenishinda mimi." Akacheka, na kicheko kikamtoa machozi, na machozi akayafutia taulo hiyo hiyo upande wa mafuta, akabaki na mstari mweusi shavuni. Kocha alimwambia akae anyolewe kabla hajaharibu na upande wa pili.

Amenyolewa. Amenawa. Amekamua taulo yake kwa mikono yake, akaitundika. Ilipofika saa sita tulidhani ataomba mahali pa kulala, na mjomba alikuwa tayari kusema kwake kuna chumba, kimesemwa na kukubaliwa. Lakini Dereva kwanza alisogea ukutani, akapitisha kiganja juu ya taulo, moja moja, kama wewe. Mama yako akamwambia asihangaike, zimekamuliwa vizuri.

"Sipimi kukamuliwa," Dereva alisema. "Iliyolowa, mwenyewe amekuja. Kavu, hakuja. Kinyozi alikuwa akikuta kavu anatoka kumtafuta. Mimi amenitafuta mara tatu. Hamkujua?"

Hatukujua. Profesa naye hakujua, kwa sababu hajawahi kukosa Jumatatu hata moja. Waliojua ni waliowahi kutafutwa. Mama yako alisimama pale na stashahada yake yote, akahesabu kwa vidole Jumatatu ambazo taulo ya usukani ilikaa kavu mbele ya macho yake, naye akaona tu kwamba haihitaji kufuliwa.

Kiganja cha Dereva kilisimama kwenye msumari wa saba. Ni taulo yenye alama ya saa, ya yule fundi saa mpole asiyezungumza. Kavu. Profesa akakumbuka kwamba hata Jumatatu iliyopita hakumnyoa.

Mama yako amefuta ile sheria ya miezi sita kwa sauti, mbele ya wote. Kisha amevaa viatu. Ndiyo maana tunaandika tukiwa tumesimama, mwandiko uvumilie. Dereva yuko mlangoni, anasema fundi saa hupenda kukaa nyuma ya kituo cha mafuta, penye kivuli, na kwamba tukienda sasa tutamkuta. Mjomba anakuja na soksi zake mbichi. Dada yako anafunga saluni. Profesa amevua aproni yako na kuitundika pale ulipokuwa ukiitundika.

Tunaokukumbuka ni mama yako, dada yako fundi cherehani, mjomba wako fundi bomba, Profesa, Kocha, Shangazi, Dereva, jirani muuza chai, na wote wenye misumari, ambayo sasa ni kumi na miwili. Daima tutakukumbuka, na kila Jumatatu saa sita tutakukumbuka kwa miguu.